Jarida la kitaaluma au gazeti: lipi la kunukuu?

Kiswahili kinatuponza kidogo hapa: neno "jarida" hubeba lile la wataalamu na lile la kusomea kwenye teksi ukielekea Wandegeya, Kampala.

Chukua African Health Sciences, jarida la Chuo Kikuu cha Makerere. Fungua makala yoyote ya utafiti. Chini ya kichwa kuna majina ya waandishi na idara zao, kisha ikisiri (muhtasari wa utafiti), mbinu, majedwali, na mwishoni marejeo kibao. Kabla ya kuchapishwa, wataalamu wengine wameipitia na pengine kuirudisha irekebishwe. Lugha yake ni kavu, nakiri. Halafu si kila kilichomo kimepitiwa hivyo. Tahariri na barua kwa mhariri huwa ni maoni tu.

New Vision au Daily Monitor, magazeti ya kila siku ya Uganda, ni habari nyingine. Anayeamua ni mhariri, na leo hii hii. Marejeo hakuna, kuna "daktari mmoja alisema", na pembeni tangazo la mabati. Ukiandika kuhusu malaria, takwimu zitafute kwenye jarida la kitaaluma. Ila ukitaka kujua watu walisema nini kodi ya mitandao ya kijamii ilipoanza Uganda Julai 2018, gazeti la wiki ile ndilo ushahidi wenyewe.

Transition, jarida lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, linakataa kukaa upande wowote kati ya hizo mbili: insha na mashairi, mijadala mizito. Mimi hulinukuu kama sauti ya zama zake, si kama utafiti.