Kiti cha kuogea cha alumini katika nyumba yenye wakwe wazee

Kiti ninachokieleza hapa ni kile cha kawaida cha kuogea, chenye fremu ya alumini, kikalio na egemeo vya plastiki nyeupe, mikono miwili ya kushikia na miguu minne inayorefushwa au kufupishwa kwa vibonyezo. Nyumbani kwetu kinatumiwa na wakwe zangu, wazazi wa mke wangu, waliohamia kwetu baada ya kuishi peke yao kuwa mzigo. Bafu tulilo nalo ni moja, na kila mwenye kuishi humu huoga humo humo, kwa hiyo sikipimi kiti hiki kwa uimara wake pekee. Nakipima pia kwa namna kinavyowafaa wazee wawili wasiolingana kimo, bila kuwa kero kwa sisi wengine.

Haja yake haihitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na waliovuka umri wa miaka 60 ndio wanaopoteza maisha kwa wingi zaidi. Bafuni sakafu imelowa, macho yamefumbwa kwa sababu ya povu, na mtu husimama kwa mguu mmoja ili apate kuosha wa pili. Maji ya moto nayo hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, jambo linaloweza kumtia kizunguzungu hata mzee aliyeingia akiwa mzima kabisa, hasa ikiwa anatumia dawa za kushusha shinikizo hilo hilo.

Nilipokuwa nakiunganisha, nilitarajia mama mkwe aniulize kama kitahimili uzito. Aliuliza jambo jingine: "Baba, mlango utafungika kikiwa humo ndani?" Swali hilo ndilo lililonionyesha kipimo halisi cha kifaa hiki. Mzee anayehofia kuanguka huambiwa aache mlango wazi, au akubali mtu asimame karibu, na katika nyumba ya mkwe mtu huyo huenda akawa mkwe mwenyewe. Hakuna upande unaofurahia hali hiyo, hata pale ambapo mapenzi yapo tele. Kiti kikimwezesha mzee kuoga peke yake, mlango ukiwa umerudishwa na sisi tukiwa umbali wa kusikia akiita, kimelinda stahi ambayo msaada wetu wa mikono ungeipunguza, hata tungeutoa kwa adabu ya namna gani. (Mlango unafungika. Ila tunaomba usitiwe komeo, ili tuweze kuingia likitokea la kutokea.)

Kasoro yake kubwa imo katika kile kile kinachosifiwa, yaani miguu inayorekebishwa. Kila mguu una matundu yaliyoachana kwa takriban sentimita 2.5, na kipini chenye springi, ambacho ndicho kibonyezo chenyewe, hutokeza katika tundu ulilolichagua. Kwa mtu mmoja utaratibu huu unatosha kabisa. Kwa wawili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, unachosha, kwa sababu vibonyezo ni vigumu, vinaumiza vidole, na hakuna atakayekubali kuinama kurekebisha miguu minne kila baada ya mtu kuoga. Kimo kinachofaa ni kile kinachomwezesha mtu kukanyaga sakafu kwa nyayo zote, magoti yakiwa karibu usawa mmoja na nyonga. Kiti kikizidi urefu, miguu huning'inia na mwili huteleza mbele; kikiwa kifupi mno, kuinuka huwa kazi nzito. Tuliamua kukiweka kwa kimo cha mama mkwe, kwa kuwa miguu inayoning'inia ndiyo hatari kubwa zaidi, na baba mkwe huinuka kwa kujisukuma juu ya mikono ya kiti. Kiti kisicho na mikono kisingetufaa hata kidogo, ingawa huonekana kuchukua nafasi ndogo zaidi. Yeyote atakayebadilisha kimo ahakikishe kwamba miguu yote imewekwa kwenye tundu la kimo kile kile, na kwamba kila kipini kimetokeza nje kikamilifu, kwani kilichoingia nusu hushikilia hadi siku mtu atakapoegemea upande mmoja.

Kwa upande wa usafi, sina lalamiko zito. Alumini haishiki kutu kama chuma, na matundu ya kikalio hupitisha maji vizuri. Utando wa sabuni hujenga utelezi juu ya plastiki, basi kisuguliwe mara kwa mara, na chini yake pia, mahali ambapo macho hayafiki. Vifuniko vya mpira vya miguuni vikaguliwe vilevile: vikilika, fremu hukwaruza vigae na kiti huanza kuserereka.

Kwa sisi wengine, wepesi wake ni neema, maana mtu hukisogeza kwa mkono mmoja. Lakini kikisogezwa hakina budi kurudishwa pale pale kilipokuwa. Mzee huingia bafuni kwa mazoea, akinyoosha mkono mahali anapojua kiti kipo. Baba mkwe husema kwa upole kwamba kuna mtu "amekitembeza", na upole huo unatuadibisha kuliko karipio. Watoto nao wakatazwe kukipanda ili kufikia rafu.

Kiti peke yake hakitoshi. Shawa iliyofungwa juu ukutani humlazimisha aliyeketi kunyanyuka au kujipinda, ndiyo maana shawa ya mkononi yenye mpira mrefu inahitajika. Bila hiyo, nusu ya faida hupotea. Halijoto ya maji ipimwe kabla mtu hajaketi, kwa kuwa aliyekaa hawezi kuruka kando maji yakichoma ghafla, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Kishikio cha ukutani kifungwe na fundi kwa skrubu ndani ya ukuta imara. Vile vinavyonata kwa mpira wa kufyonza hewa havifai kubeba uzito wote wa mtu, na reli ya taulo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ingawa ndiyo ambayo mkono wa mzee huikimbilia kwanza.

Ningekinunua tena kwa mzee anayeweza kutembea, kuketi na kuinuka mwenyewe, japo polepole. Pale ambapo lazima avuke ukingo wa beseni la kuogea, kinachotakiwa ni benchi ya kuhamia, ambayo miguu yake miwili hukaa nje ya beseni, naye huketi kwanza nje kisha akajisogeza ndani. Na asiyeweza kukaa wima bila kushikiliwa anahitaji kiti cha aina nyingine pamoja na mtu wa kumsaidia, tena ni vyema mzee mwenyewe aulizwe mapema angependa mtu huyo awe nani.