Jiko la indaksheni lenye "joto sahihi": sahihi kwa nani?

Nianze na sifa, nisije nikaambiwa nina chuki binafsi: jiko hili la umeme linachemsha maji kwa kasi ya kutisha. Basi. Sifa nyingine nitazitoa huko mbele, tena kwa shingo upande.

Mimi sikulinunua kwa ajili ya maji. Nilivutwa na maandishi makubwa kwenye boksi, eti linadhibiti joto nyuzi kwa nyuzi. Napenda kupika vitu vyenye deko: kastadi, chokoleti ya kuyeyusha, maziwa ya mtindi. Hapo nyuzi chache tu ndizo zinazoamua kama utakula au utamwaga. Kastadi ya mayai na maziwa inakuwa nzito karibu na nyuzi 80. Ukiifikisha 90 umeshapata mabonge ya mayai yanayoelea.

Siku hiyo nikaweka maziwa matupu kwanza, kwa kujaribu. Nikabonyeza 80, nikatumbukiza kipimajoto changu, nikasimama pale pale. Haukupita muda, chini ya sufuria likajitokeza duara la mapovu, pete kabisa, juu ya pale ilipo koili, ule waya uliozungushwa chini ya kioo cha jiko. Katikati kimya, pembezoni kimya, pete tu ndiyo inatokota. Mara jiko likakata. Mapovu yakazima, maziwa yakatulia tuli kama vile hayajawahi kuona moto. Kisha mlio mwembamba chini ya kioo, pete ikarudi kwa fujo, ikazima tena. Skrini inasema 80. Kipimajoto kinasema 93 na bado kinapanda. Nikakoroga, mwiko ukakwaruza kitu kule chini. Maziwa yameshashika, kwa umbo la pete ile ile!

Sasa kisa chenyewe ni hiki, na hakijaandikwa popote kwenye boksi. Katika indaksheni kioo hakitoi joto. Koili inatengeneza uga wa sumaku, na joto linazaliwa ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Sensa, yaani kifaa cha kuhisi joto, iko chini ya kioo, katikati ya koili. Yaani sufuria inapata moto, inapasha kioo, kioo kinapasha sensa, ndipo jiko linapata habari. Maziwa yako yameungua, sensa bado inasubiri taarifa. Na namba ile kwenye skrini ni joto unalolitaka wewe, jiko limekurudishia tu ulichobonyeza.

Halafu kuna huko kuwaka na kuzima. Mengi ya haya majiko ya kubebeka hayawezi kutoa moto mdogo mfululizo. Yanachofanya ni kupiga moto mkubwa kidogo, kukata, kupiga tena, ili wastani wake uonekane mdogo. Kwa supu ya maji maji hutajua. Kwa maziwa utajua.

Na "nyuzi kwa nyuzi" yenyewe ni uongo wa mchana kweupe. Vitufe vinaanzia 60, vinaruka 80, vinaruka 100. Chokoleti nyeusi ikishayeyushwa inatakiwa ifanyiwe kazi kwenye nyuzi 31 au 32 ili ing'ae. Niibonyezee wapi?

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea kijana mmoja, sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Mama, sufuria yako inashika sumaku?"

"Mwanangu, isingeshika, jiko lisingewaka kabisa."

"Basi itakuwa kitako kimepinda."

Hoja hiyo ina maana, nakiri: kitako kikipinda, hewa inaingia kati na sensa inazidi kudanganyika. Nikageuza sufuria, nikalaza rula, hakuna mwanya hata wa karatasi. Nikamwambia. Akavuta pumzi.

"Mama, maziwa hayapimwi na mashine, yanaangaliwa kwa macho. Si umepika miaka yote bila namba?"

Sasa kama ni hivyo namba mmeniuzia za nini? Kabla sijamaliza swali akanitakia siku njema na kukata. Nilikaa na simu mkononi, midomo inanicheza.

Nikasema jiko linarudi kesho. Halikurudi, na sababu inaniudhi kuisema. Ukiachana na vitufe vya nyuzi, ukatumia vile vya nguvu, hili jiko ni tamu. Nilipika shira hadi nyuzi 115 kwa kipimajoto changu, nikabonyeza kuzima, joto likasimama karibu pale pale. Jiko la sahani la umeme ukilizima linaendelea kupika kwa kiburi chake. Hili linatii papo hapo, kupanda na kushuka. Nikaanza kufikiria nyota nne, jamani.

Kisha nikajaribu mafuta. Kikaango chembamba, mafuta kiasi cha kufunika chini, nikabonyeza 180. Yakatoa moshi kabla sijamaliza kukata kitunguu. Skrini? 180, tulivu, haina wasiwasi. Hapo hasira ikageuka woga, kwa sababu mtu anayeiamini ile namba anaweza kugeuka kuchukua kitu kabatini na kukuta moto. Maziwa yakishika chini unasugua sufuria. Hili ni jambo jingine kabisa, na lilipaswa kuandikwa mbele ya boksi kwa herufi zile zile kubwa.

Yapo majiko ya indaksheni yanayokuja na kijiti cha kupima, unakizamisha ndani ya chakula chenyewe nacho kinalipa jiko taarifa. Hilo naliita kudhibiti joto. Haya mengine yanadhibiti joto la kioo, na hakuna anayekula kioo.

Kwa hiyo: maji ya kuchemsha, chukua. Shira, chukua, ila uwe na kipimajoto chako. Mafuta, usiondoke hapo hata simu ikiita. Kastadi, nimerudi kwenye bakuli juu ya maji ya moto, njia ya zamani. Nyota tatu. Hapana, mbili, na ya tatu wakaidai kwa yule kijana wa simu.