Ruta ya 5G hapa Sinza: kilichonifurahisha ni saa mbili usiku

Wakuu, kwa mnaoulizia kama ruta ya 5G ina maana yoyote kuliko ya 4G, mimi ninayo nyumbani Sinza na nasema inalipa, ila sio kwa kile wanachokitangaza. Wao wanapiga debe la spidi, mimi kilichoniokoa ni ile foleni ya usiku.

Ruta ya 4G niliyokuwa nayo ilikuwa inashika mnara vizuri tu, asubuhi inakimbia, ila watu wakisharudi majumbani basi, video inazunguka, simu ya WhatsApp inakatakata. Ukiingia kwenye setingi nguvu ya mawimbi ni -80 ile ile ya asubuhi, haijashuka hata kidogo! Yaani mawimbi yapo, shida ni mgao, na hili dukani hawakuambii.

Mnara una masafa (frikwensi, yaani njia za hewani za mawimbi) machache na wote tunagawana hayo hayo. 2G ilikata chaneli ya kilohezi 200 kwa zamu, watu 8 wanapokezana haraka mpaka kila mtu anaona anaongea peke yake. 3G ikampa kila mtu kodi yake (code, sio ya TRA, ni alama ya kutofautisha mawimbi yake), mnaongea wote kwa pamoja na simu inachuja ya kwake. 4G inakata masafa kuwa vijimawimbi vya kilohezi 15, vinafungwa 12 kwa 12 kuwa kipande kimoja, chaneli ya megahezi 20 inatoa vipande 100 na kila milisekunde mnara unaamua nani apate vingapi. Vipande 100 ni vingi mpaka siku mtaa mzima ukifungulia mechi ya Simba na Yanga kwa wakati mmoja.

Sasa 5G kwanza chaneli yenyewe ni pana, inaweza kufika megahezi 100, halafu ndio kuna kitu nilichokipenda kuliko vyote, zile antena nyingi za mnarani, mara nyingi 64. Zinamlenga kila mteja kwa upande wake kama tochi, kwa hiyo mimi na jirani wa mtaa wa pili tunaweza kupewa masafa yale yale sekunde ile ile bila kuingiliana. Mgao sio wa muda na masafa peke yake tena, umeongezeka wa mwelekeo.

Ila muiweke sehemu sahihi jamani. Yangu inashika n78, jina la bendi ya 5G ya karibu gigahezi 3.5, haya masafa ukuta wa tofali unayapunguza sana. Ikiwa sebuleni nyuma ya kabati namba ya SINR (inaonyesha mawimbi yako yanazidi makelele na mwingiliano kwa kiasi gani, ikiwa kubwa ndio nzuri) ilikuwa 4, nikaihamishia dirishani kunakotazama mnara ikapanda hadi 17, na spidi ya usiku ikatoka Mbps 20 ikavuka 100. Hiyo SINR ndio ya kuangalia, achaneni na vile vimistari vya mtandao.

Kabla hujanunua azima simu ya 5G, simama hapo hapo utakapoiweka ruta upime saa mbili usiku, usipime asubuhi maana asubuhi kila mtandao ni mzuri. Na soma masharti ya kifurushi, kuna vingine ukivuka kikomo cha GB spidi inabanwa mpaka mwezi uishe, hapo hata mnara uwe mtupu hautakusaidia kitu.