Vidonge vya MS: miezi minane bila sindano

Wenye MS wenzangu (multiple sclerosis, kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo), hasa nyie mlioambiwa miaka na miaka ni mawazo au mmerogwa, hii ni yenu. Daktari alinitoa kwenye sindano za interferon akaniweka kwenye dawa ya kumeza, dimethili fumareti, ile Marekani waliyoipitisha 2013 kwa jina la Tecfidera, mimi natumia jeneriki ya India, yani dawa ileile ya kampuni nyingine.

Sindano siikumbuki hata kidogo. Inataka friji nyuzi 2 mpaka 8, na umeme ukikatika ndo unaanza kugonga kwa jirani kuomba barafu saa nne usiku. Hizi zinakaa kabatini tu.

Wiki ya kwanza ni mg 120 asubuhi na jioni, halafu 240 mara mbili kwa siku. Siku ya nne nikajifanya mjanja, chai ya rangi kavu, nikameza, nikaenda zangu Jamatini kupanda daladala, yani hatujafika hata mbali uso unawaka kama nimeinamia jiko la mkaa, masikio moto, shingo inawasha, mama wa siti ya pembeni ananiuliza mwanangu umekula samaki gani? Ikaisha yenyewe. Toka hapo simezi bila kula, na sio uji mwepesi, kitu chenye mafuta. Ugali na mlenda wa karanga (Wagogo tulieni, najua mmefurahi) moto unapungua sana. Tumbo lilinisumbua mwezi wa kwanza likatulia.

Inasaidia? Kuponya haiponyi. Kwenye DEFINE, jaribio la dawa hii ambalo majibu yalitoka 2012, ndani ya miaka miwili waliomeza dawa wakarudiwa na ugonjwa walikua 27 kati ya 100, wa kidonge kisicho na dawa 46. Mimi mwaka jana nilishikwa mara mbili, safari hii bado, ila ganzi ya vidole ya zamani ipo palepale na jua la Oktoba likichachamaa macho bado yanaingia ukungu.

FBP (kipimo cha damu cha kuhesabu chembe) msiikwepe, kabla ya kuanza na baadae tena, maana dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na famasi moja iliyoniambia "njoo kesho" wiki tatu mfululizo, mpaka shemeji akanitumia kutoka Dar. Siku hizi nikibakiwa na za mwezi mmoja tu naanza kumpigia.