Damu ya saa tisa alasiri: uzoefu wangu na kipimo cha homoni Kisumu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya feni.

Maabara yenyewe iko mjini Kisumu, jina naliacha. Sina ugomvi na mashine yao wala sindano yao. Ugomvi wangu ni sentensi moja iliyotoka kaunta nilipouliza kama kweli damu ya kupima testosteroni, ile homoni ya kiume, inaweza kutolewa saa tisa alasiri, mtu akiwa ameshapiga ugali wake wa mchana. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu: "Omera, homoni hazina saa."

Zina saa! Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa usingizini, asubuhi ndiyo iko juu, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga, na kwa vijana mshuko huo ni mkubwa kuliko kwa wazee. Ndiyo sababu damu hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, tena kabla ya chai na mandazi, maana chakula nacho huivuta chini kwa muda. Mlinzi wa zamu ya usiku asifuate saa ya ukutani. Ahesabu tangu alipoamka, atolewe ndani ya saa tatu hivi.

Basi wakachukua pesa, wakachukua damu. Majibu: 9.4, na herufi L kando yake, yaani iko chini. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza saa ya kutoa damu. Wameweka kistari. Hicho kistari ndicho kinachonichemsha mpaka leo, kwa sababu daktari yeyote atakayeishika karatasi hiyo ataamini ni damu ya asubuhi na kuanza kutibu ugonjwa ambao pengine haupo.

Tena angalieni kizio kilichoandikwa mbele ya namba. Hiyo 9.4 ni nmol/L. Ile 300 mnayoisoma mtandaoni, ambayo Wamarekani huihesabu kuwa mpaka wa chini, ni ng/dL. Zidisha nmol/L kwa 28.85 ndipo ulinganishe: 9.4 inakuwa kama 271. Iko chini, ndiyo, lakini anayeilinganisha 9.4 na 300 moja kwa moja ataandika wosia jioni hiyo hiyo.

Na kijana wa kaunta, bila haya, akaniambia sindano ya kuongeza testosteroni ipo, naweza kuanza leo. Kwa kipimo kimoja cha alasiri! Sindano hiyo huudanganya ubongo kwamba homoni zimetosha. Ubongo unaacha kutuma LH na FSH, zile homoni zinazoziamuru korodani zifanye kazi; korodani zinalala, mbegu zinapungua au zinakwisha kabisa. Mwanamume anayetafuta mtoto akidungwa hivyo amefungiwa mlango kutoka ndani.

Namba ikitoka chini, hurudiwa asubuhi ya siku nyingine. Ikirudi chini tena, ndipo LH, FSH na prolaktini, ile homoni ya maziwa, hupimwa. LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, tatizo liko kwenye korodani zenyewe, labda ziliwahi kuumia au matubwitubwi yalizishukia. LH ikiwa chini, au ya kawaida tu wakati ilipaswa kupanda, basi angalia tezi ya pituitari kichwani, na ulizia dawa: tramado za kila siku, zile za maumivu, zinafanya hivyo. Prolaktini huweza kupanda kwa hofu ya sindano tu, kwa hiyo nayo hurudiwa kabla ya mtu kutishwa na picha za kichwa. Ikiwa testosteroni imeangukia kati ya 8 na 12 nmol/L, omba na SHBG, ile protini inayoibeba kwenye damu. Unene na kisukari cha aina ya pili huishusha SHBG, na jumla ya testosteroni inaonekana ndogo hata kama ile iliyo huru, isiyobebwa, inatosha.

Usipime ukiwa ndio kwanza umetoka kwenye malaria. Ugonjwa wowote mkali huishusha testosteroni kwa muda. Na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku mbili au zaidi, maana huchafua majibu ya mashine za aina fulani.

Halafu yule kijana aliniita mbele ya benchi zima: "Wa nguvu za kiume, ingia!" Fomu ilisema hamu ya tendo imepungua. Hamu kupungua na mwili kutosimama ni mambo mawili. La pili mara nyingi ni mishipa ya damu, sukari au presha, na hata testosteroni nzuri haiwezi kulimaliza.

Sasa niseme na ukweli mwingine, ingawa unaniuma. Nilirudi pale pale asubuhi moja, njaa tumboni, kabla jua halijachoma. Dada wa zamu ya asubuhi aliuliza mwenyewe nimelala saa ngapi, kama nimekula, kama natumia dawa yoyote. Akaandika saa kwenye chupa na kwenye fomu, mwandiko mkubwa. Majibu: 13.6. Hakuna L.

Sawa, nyota tatu. Mbili ni za huyo dada. Lakini pesa ya kile kipimo cha alasiri nimeidai mara mbili, na kila nikifika kijana ananiambia mhasibu ametoka.

Basi narudi kwenye nyota moja.