Stata: uifikie kwa juu au kwa chini?

Stata, mota ya umeme inayowasha injini, hukaa pale injini inapokutana na gia boksi, kwa sababu meno yake lazima yazungushe flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Ukipotea, fuata waya mnene unaotoka kwenye chanya ya betri.

Kwa juu ndiko ninakopendelea. Gari linabaki chini kwa magurudumu manne, mwanga unatosha, na mara nyingi ukitoa boksi la ea klina na mpira wake tayari unaiona. Ila si kila injini: kwenye 2UZ ya V8 ya Land Cruiser, stata imefichwa chini ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini), kazi ya kutwa.

Kwa chini, boliti hufikika vizuri zaidi kwenye magari mengi, lakini hatari ni kubwa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja; weka stendi imara, zuia magurudumu kwa kabari, subiri ekzosi ipoe.

Njia yoyote, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Ule mnene wa stata una umeme hata swichi ikizimwa, na spana ikigusa bodi cheche zinaruka.