Uzoefu wangu: kusomea ualimu wa chekechea nikiwa mwalimu msaidizi Kisumu

Hapa Kisumu ukitaja uanagenzi, wengi huwaza NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani: umakanika, uchomeleaji, ushonaji. Ualimu wa chekechea nao unaweza kuusomea kwa mtindo huo, na ndivyo nilivyofanya. Muhula ukiendelea nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya binafsi upande wa Manyatta. Shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, naingia chuoni kusomea ECDE, yaani elimu na makuzi ya watoto wadogo. Sasa nimemaliza, na kwa kuwa wadogo zangu wengi waliomaliza kidato cha nne wananiuliza kama inafaa kulipia, naeleza nilivyoona.

Inafaa, na inafaa sana, ila inategemea mwalimu utakayewekwa chini yake kuliko chuo utakachochagua.

Mimi niliwekwa kwa madam aliyewafundisha watoto wadogo tangu enzi za 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, kabla CBC, mtaala wa umilisi, haujaanza 2019. Mwanzoni hakunipa chaki kabisa. Alinikalisha mkekani na watoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, wale wa miaka minne, akaniambia, "Usinitazame mimi, Mwalimu. Watazame watoto." Ilinichukua muda kuelewa anachotaka nione.

Siku moja tulikuwa tunahesabu kwa vifuniko vya soda. Kulikuwa na mtoto aliyeimba moja hadi kumi bila kukosea. Madam akamwambia, "Nipe vinne." Mtoto akamjazia kiganja kizima. Madam hakumwambia amekosea. Alivirudisha vyote mkekani, akatandaza kiganja, akawa anasubiri. Mtoto akiweka kimoja, wanakigusa pamoja na kukitaja, kisha anasubiri tena. Darasa lilikuwa na kelele na uji ulikuwa unakaribia, lakini hakumharakisha. Likizo iliyofuata mhadhiri alitufundisha kwamba mtoto anaweza kukariri namba muda mrefu kabla ya kujua kwamba kila namba inakwenda na kitu kimoja. Wenzangu ambao hawakuwa darasani waliandika na kufunga daftari. Mimi nilishaliona kwa macho yangu.

Lugha pia nilijifunzia pale. Sera inasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mjini mara nyingi hicho ni Kiswahili. Lakini Manyatta mtoto anatoka nyumbani na Dholuo. Akisema "Adwaro pi," Madam anampa maji kwanza. Akishakunywa ndipo anamwambia polepole, "Nataka maji," na mtoto anarudia akiwa ametulia. Sijawahi kumsikia akimkemea mtoto kwa lugha aliyoileta shuleni, na mimi nimeapa sitafanya hivyo.

Chuo kilinipa vitu ambavyo Madam hakuwa na nafasi ya kunifundisha: maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, na ukuaji wa mtoto, somo lililofundishwa vizuri mno. Tulitengeneza vifaa kwa katoni na magunia, na vingine bado navitumia.

Malalamiko yangu mawili yanahusu chuo hicho hicho. Karo waliyotutajia siku ya kujiandikisha haikuwa na ada ya mtihani wala ya mazoezi ya kufundisha; zilikuja baadaye, moja moja, na kwa mtu ambaye shule inampa nauli na chakula cha mchana tu, hilo linaumiza. La pili liliniuma zaidi. Mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha alifika shule ikiwa inakaribia kufungwa, watoto wakijiandaa kwa sherehe ya wazazi. Alikaa dakika chache, akanipa alama nzuri, akaondoka. Nilitaka mtu wa nje aniambie ninapokosea. Alama bila maelezo hazinisaidii, wala hazimsaidii mtoto nitakayemfundisha mwaka ujao.

Jambo ambalo msikose kuuliza ni usajili. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na TSC, tume ya kuajiri na kusajili walimu, ingawa tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ya umma iko chini ya kaunti, na kaunti ndizo zinazoajiri. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha kwamba TSC inakitambua cheti cha chuo hicho na kwamba gredi yako ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, inakubalika kwa kozi hiyo. Usitosheke na neno la anayekuandikisha. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nacho kitahitajika. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapigwa alama za vidole. Kishughulikie mapema.

Na shule unayotaka kujifunzia, itembelee katikati ya wiki, asubuhi, masomo yakiendelea. Omba kukaa nyuma ya darasa. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapojibu vibaya, na kama msaidizi aliyepo anakaa na watoto au anatumwa kuosha vikombe kutwa. Ukiona ni vikombe, shukuru uende zako. Nyalenda, Kondele na Mamboleo kuna shule nyingi za chekechea, na nyingi zinahitaji msaidizi.